Kozi ya ubaguzi kwenye elimu ya ustawi wa jamii, Mtwara mjini: nilivoiona baada ya Jumamosi 5

Watu wengi mno wananiuliza inboksi ile kozi ya Jumamosi ya pale mjini ikoje, hela inarudi au ndo zile semina za kula chapati na kuchukua cheti, sasa nimechoka kujibu mmoja mmoja acha niandike mara moja afu nitakuwa natuma hii. Jina la waandaaji silitaji maana kuna mahali nawasema na sitaki kesi, ila kama uko Mtwara na uko kwenye mambo ya ustawi unawajua tu, tangazo lao lilizunguka kwenye magrupu yote mpaka grupu la kikoba cha mama yangu.

Kozi inahusu ubaguzi wa rangi ndani ya elimu ya ustawi wa jamii. Sio ule wa mtu kukutukana barabarani, ni ule uliojichimbia kwenye silabasi, kwenye mtihani, kwenye fomu, ambao hata anayeutenda hajui kama anautenda. Jumamosi 5, saa 3 asubuhi mpaka saa 8 mchana, ada elfu 85. Mi najitolea mwaka wa pili huu, mshahara sina, nina posho ya nauli inayokuja ikijisikia, kwahiyo hiyo elfu 85 nilimkopa mama kwenye akiba yake ya korosho nikamwambia ntarudisha msimu ukifunguliwa. Hajasahau. Juzi kaniuliza tena mbele ya wageni.

Kusema ukweli tangazo nililiona nikacheka. Ubaguzi wa rangi, Mtwara? Humu wote weusi, Mzungu wa mwisho niliyeongea naye alikuwa anaulizia gari za Mikindani. Na hilo ndo lilikuwa swali la kwanza kabisa siku ya kwanza, kaka mmoja muuguzi alinyoosha mkono hata kujitambulisha hatujamaliza, akasema Daktari samahani, sisi haya yanatuhusu nini? Mwezeshaji ni mama mmoja kutoka Dar, ana PhD, sauti ya chini na hana haraka. Hakumjibu. Akamwambia "hilo swali liweke mfukoni kaka yangu, Jumamosi ya tatu ntakuomba ulitoe." Nikasema eeh, hapa kuna mwalimu.

Tulikuwa kama 30 hivi. Maafisa ustawi, watu wa maendeleo ya jamii, wauguzi, wanafunzi wa vyuo, afande mmoja dada wa dawati la jinsia (huyu mkumbukeni), na mzee mmoja mstaafu alikuwa bwana ustawi zamani hizo, ana miaka 70 na kidogo, tulikuwa tunampisha kiti cha karibu na feni.

Siku ya kwanza ilikuwa historia na nilijiandaa kusinzia. Hull House, ile nyumba ya msaada kwa maskini ya Chicago, 1889, Jane Addams mmoja wa waanzilishi wake, nani hajui, hayo tumekariri sote mpaka tunaota. Mary Richmond, mwanzilishi mwingine wa fani, na kesi zake, sawa. Ila Daktari akauliza, kwenye nyumba zile za msaada, Waamerika weusi walikuwa wanapokelewa? Kimya. Kumbe nyingi zilikuwa za wahamiaji kutoka Ulaya, weusi mlango wao ulikuwa mwingine au haukuwepo kabisa, wakaanzisha vya kwao. Na shule wakaanzisha ya kwao, Atlanta, 1920, kwasababu kule Kusini mwa Marekani shule za kufundisha kazi hii hazikuwa zinawachukua. Mkuu wake wa miaka ya mwanzo alikuwa E. Franklin Frazier, akaandika makala akafananisha chuki ya rangi na ukichaa, yaani akawapima Wazungu kwa kipimo kilekile cha ugonjwa ambacho walizoea kuwapimia watu weusi. Ilipotoka 1927 ilibidi aondoke Atlanta na familia yake, mji haukukalika tena.

Mi nimesoma fani hii diploma na digrii, jumla miaka 5, mitihani yote nimeandika Richmond, Richmond, Richmond. Frazier nimemsikia kwenye ukumbi wa kukodi, nina chapati mkononi.

Afu akaweka picha kwenye projekta, Mzungu mmoja kavaa suti anatabasamu, akauliza nani anamjua huyu. Mzee wetu peke yake ndo alimjua, akasema huyo ni Verwoerd, na alivyolitamka jina ni kama mtu anatema mbegu. Waziri mkuu wa Afrika Kusini kuanzia 1958 mpaka alipochomwa kisu bungeni 1966, yule anayeitwa fundi mkuu wa apatheidi. Haya, Daktari akauliza, kabla ya siasa alikuwa anafanya kazi gani? Watu wakabahatisha, mwanajeshi, mchungaji, mwanasheria. Kumbe profesa, na sio wa hesabu, miaka ya 1930 alikuwa anafundisha sosholojia na ustawi wa jamii chuo cha Stellenbosch. Mwenzetu bana! 1934 kulikuwa na mkutano mkubwa Kimberley wa kujadili umaskini na yeye alikuwa mstari wa mbele kabisa, ila umaskini uliokuwa unajadiliwa ni wa Wazungu maskini, wasaidiwe wapate kazi, na kazi zitoke wapi, si mnajua. Alikuwa na huruma kweli na utafiti kafanya, na huruma yenyewe ilikuwa na mpaka umechorwa kwa rangi. Mi sehemu hii iliniuma kwasababu miaka yote nimejiambia fani yetu ni ya watu wema, basi, ukishakuwa na moyo mzuri umemaliza.

Akatuongezea kwamba nchi hiyohiyo ilikuwa na shule ya Jan Hofmeyr, Johannesburg, ya kufundisha Waafrika kazi hii, na Winnie Mandela alimaliza pale 1955 akaenda kufanya kazi hospitali ya Baragwanath. Ukumbi ukaamka. Dada mmoja akasema kumbe mama Winnie alikuwa ustawi, na mimi wifi zangu wananiambia nimesomea kugombanisha watu na waume zao.

Jumamosi ya pili ilianza vizuri ikaharibika. Umeme ulikatika saa 4 ukarudi saa 7, jenereta hawakuwa nayo, na gesi ya Mnazi Bay iko hapo tu mlangoni kwetu, sisi huku tunapepea daftari. Slaidi zote zilikuwa kwenye kompyuta hakuna aliyechapisha, kwahiyo hii ni kasoro yao ya kwanza, chapisheni jamani, mmechukua elfu 85 za watu 30.

Ila kabla ya giza tulishapata kitu kimoja kizito. Marekani ukimaliza shule hujaanza kazi hivihivi, kuna mtihani wa leseni, na mwaka 2022 bodi inayotunga ule mtihani ilitoa hadharani nani anafaulu na nani anafeli kwa rangi. Kwenye ule wa ngazi ya juu, wa kliniki, wanaofaulu mara ya kwanza, Wazungu ni kama 84 kwa 100. Weusi 45. Watu wamesoma vyuo vyenye ithibati ileile, wamefanya fildi (mazoezi ya kazi), wamesainiwa, afu mtihani mmoja unawachuja hivyo, na mwaka mmoja kabla yake chama kikubwa cha watu wa fani kule kilishaomba msamaha kwa mchango wa fani kwenye ubaguzi. Daktari akasema mimi siwaambii mtihani ule una nia mbaya, nawauliza tu nani alikaa mezani wakati swali linatungwa, na jibu sahihi ni sahihi kwa maisha ya nani.

Basi giza lilipoingia tukaanza kuongea ya kwetu na mi naona ile saa ya giza ilikuwa bora kuliko slaidi. Mtu akasema mtihani wetu sisi wa namna hiyo ni Kiingereza. Kweli kabisa. Darasani kwetu kulikuwa na kijana wa kutoka ndanindani huko Newala, kasoma shule ya kata mwalimu wa Kiingereza mmoja kwa vidato vyote vinne, huyo kijana mpeleke kwenye nyumba yenye ugomvi dakika 20 tu wanakunywa chai pamoja. Kipaji. Akadisko mwaka wa kwanza, yaani alifeli akaondolewa chuo. Na waliofaulu vizuri wengine ukiwapeleka kwa bibi kizee kijijini wanakaa ukingoni mwa mkeka wanaogopa kuchafuka. Sa kazi yenyewe tunakuja kuifanya kwa Kiswahili na Kimakonde na Kimwera na Kiyao, hata siku moja sijawahi kumfariji mtu kwa Kiingereza. Rangi haijatajwa popote hapo, ila kipimo cha nani msomi tumekirithi kutoka kwa nani?

(Na nyie waandaaji, slaidi zenu zote zilikuwa za Kiingereza! Tuliwaambia, wakacheka, Jumamosi iliyofuata wakaja na za Kiingereza.)

Sasa Jumamosi ya tatu. Kama utaweza kulipia siku moja tu, lipia hii.

Daktari akamwambia yule kaka muuguzi toa swali lako mfukoni. Kaka akalitoa. Halafu Daktari akatusimulia habari za Wahindi Wekundu wa Marekani, yaani wenyeji wenyewe wa ile nchi. Kabla ya 1978, tafiti zilizopelekwa kwenye bunge lao zilikuta kati ya robo na theluthi ya watoto wao wameondolewa kwao wakapelekwa kwenye familia nyingine, vituo na mabweni. Waliowaondoa sio askari wenye bunduki, ni watu wa ustawi wenye faili. Na sababu kwenye mafaili mengi haikuwa kipigo, ni "kutelekezwa". Kutelekezwa vipi? Mtoto anaishi kwa bibi yake, au kwa mama mkubwa, au kwa mjomba. Afisa aliyesoma kwamba familia ni baba, mama na watoto anafika, anakuta baba hayupo na mama hayupo, anaandika mtoto katupwa. Kwa wale watu mtoto kuwa kwa bibi ni kulelewa, ndugu wote ni wazazi. Bunge likapitisha sheria 1978 kwamba mtoto akiondolewa basi kwanza atafutiwe ndugu, afu watu wa kabila lake, ndo wengine wafuate. Australia ni hivyohivyo, serikali iliomba radhi bungeni Februari 2008 kwa vizazi vya watoto wenyeji waliochukuliwa.

Mi pale nikaanza kusikia joto la masikio, na halikuwa la umeme.

Maana nina faili langu. Nilikuwa diploma mwaka wa pili, fildi nilipangiwa Tandahimba. Kuna mtoto wa kiume miaka 9, mama yake yuko Dar anapika mama lishe, baba hajulikani alipo, mtoto anakaa na bibi mzaa mama na mjomba. Fomu yetu ya chuo ilikuwa na kisanduku cha baba, kisanduku cha mama, na chini kabisa kidogo "mlezi mwingine". Nikajaza: baba hayupo, mama hayupo. Kwenye tathmini nikaandika mtoto ametelekezwa, yuko kwenye mazingira hatarishi, nikapendekeza kituo cha kulelea watoto. Na mimi ni Mmakonde! Nimekulia kwa bibi yangu mwenyewe, ada yangu ya sekondari kalipa mjomba. Huku kusini karibu sote, Wamakonde, Wamwera, Wayao, Wamakua, asili yetu ukoo unakwenda kwa mama na mjomba ndo mwenye sauti kwa watoto wa dada yake, ingawa siku hizi mambo yamechanganyika, dini, sheria, hela. Najua yote haya toka tumboni. Ila nikiwa nimeshika ile fomu nilisahau kila nilichokuwa nakijua, nikaona nyumba ile kwa macho ya kitabu.

Yule mjomba alipopata habari alikuja na baiskeli mpaka ofisini, ana daftari za mtoto na risiti za sare kwenye mfuko wa rambo, akamsalimia kila mtu kwa mpangilio, afu akaniuliza taratibu, "mwanangu, huyu mtoto aliyemtupa ni nani, nimfahamu?" Sikuwa na jibu. Mtendaji wa kijiji ndo alisimamisha ile habari, akasema huyu mtoto haendi popote.

Ripoti ile chuoni nilipata A. Tathmini nzuri, imefuata nadharia.

Niliisimulia pale ukumbini sauti inatetemeka, na Daktari hakunikumbatia wala hakunilaumu, akauliza tu, nani mwingine ana A ya namna hiyo? Mikono ilinyooka kama 12. Akamgeukia kaka muuguzi, akamwambia kaka yangu unaona, Mzungu hahitaji kuwepo ukumbini. Akatuambia pia habari ya ripoti ya Moynihan ya 1965 kule Marekani iliyochambua familia za weusi ikaona shida kubwa ni wanawake kuwa vichwa vya nyumba, na vizazi vya wanafunzi vikafundishwa kumtazama bibi mweusi anayelea wajukuu kama dalili ya ugonjwa wakati yeye ndo alikuwa dawa iliyobaki. Hivyo vitabu vilipanda meli vikashuka kwetu, tukavisoma tukawa tunawatazama bibi zetu.

Hapo watu wakaanza kupiga makofi na kumsifia mjomba, mila zetu, utu wetu, ndo afande wa dawati akasimama. Akasema samahani Daktari, mimi na nyie tunaishi mji mmoja? Huyo mjomba mnayempigia makofi nina mafaili yake kabatini. Anauza korosho za yatima anasema anawatunzia. Binti wa miaka 14 anatolewa unyagoni anatafutiwa mume, na anayepokea mahari ni mjomba. Nikienda naambiwa afande hiyo ni mila usiingilie. Leo mnaniongezea nyimbo za kuniimbia.

Ukumbi uligawanyika, meza zikapigwa, mi niliona ndo darasa limeanza. Daktari aliacha watu wakagombana weee, afu akatusimulia mtoto mmoja, Victoria Climbié, mzaliwa wa Ivory Coast, alichukuliwa na shangazi wa baba yake akapelekwa Ulaya kwa ahadi ya shule. Alikufa London Februari 2000, ana miaka 8, mwili una alama 128 za majeraha. Ustawi walikuwa wanamjua, hospitali walimpokea, polisi walikuwa na taarifa. Uchunguzi wa Lord Laming uliotoka 2003 ulikuta kwamba mtoto alikuwa akisimama wima kama askari mbele ya yule shangazi, na mtu wa ustawi akadhani hiyo ni heshima, kwamba familia za weusi wa asili ya Karibiani ndo zinavyolea. Ilikuwa hofu. Ubaguzi uleule, umegeuza shati tu. Mwanzo ulimnyang'anya bibi mwema mjukuu kwasababu hafanani na kitabu, hapa ukamwachia muuaji mtoto kwasababu "ndo mila yao". Maafisa wote wawili hawakumuuliza mtoto.

Afande akakaa. Akasema haya, hiyo naichukua. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema maslahi ya mtoto kwanza, akaisema bila kufungua karatasi, na mjomba atapimwa kama baba anavyopimwa, kwa anachofanya. Mi toka siku hiyo nikienda nyumbani kwa watu nauliza kwanza nani analala na mtoto, nani anamwamsha, nani alimpeleka hospitali mara ya mwisho, nani mtoto anamkimbilia akilia. Nikimaliza hayo ndo natoa fomu. Inachukua saa nzima zaidi.

Jumamosi ya nne ilikuwa mbovu. Daktari alipata dharura akamtuma kijana mmoja akasoma slaidi neno kwa neno. Uingereza, mwisho wa miaka ya 1980 baraza la mafunzo liliweka masharti kwamba kila mwanafunzi wa ustawi asome kupinga ubaguzi, magazeti yakapiga kelele, na katikati ya miaka ya 1990 masharti yakalegezwa. Marekani, mwongozo mpya wa vyuo wa 2022 unataja kupinga ubaguzi kama moja ya umahiri. Tafsiri ya kimataifa ya fani ya 2014 inataja maarifa asilia. Mambo ya maana yote ila yalisomwa kama tangazo la kupotelewa ng'ombe. Nilihesabu vigae vya dari.

Aliyeokoa siku ni mzee wetu. Kijana alipotoa mfano kwamba Mtwara na Lindi umaskini wake unatokana na mila kama unyago, mzee akakohoa. Akasema mwanangu, naomba dakika 5. Alichukua 40. Akasema idara hii mnayoitumikia Waingereza waliianzisha baada ya vita kuu ya pili kwa ajili ya askari wetu waliorudi Burma, wapewe kumbi za kuchezea na vitabu wasilete chokochoko, ustawi ulianza kama kifuniko cha sufuria. Yeye kasoma Kijitonyama, Dar, Taasisi ya Ustawi wa Jamii iliyoanzishwa kwa sheria ya 1973, na waliambiwa sasa mnafundishwa kwa ajili ya watu wenu, ila vitabu vilivyokuwa mezani ni vilevile. Akasema mnapita Shangani hapa mjini kwetu mnaona nyumba zimeachana na miti mikubwa, mnadhani ni mipango miji, ile ilikuwa ya Wazungu, Wahindi kwao dukani, sisi kwetu kule. Shule tatu kwa rangi tatu mpaka uhuru ulipokuja zikaunganishwa 1962. Bandari hii na reli ya kwenda Nachingwea zilijengwa kwa ajili ya karanga za Waingereza, mradi ukafa 1951, miaka michache baada ya uhuru hata reli haipo. Maji Maji ilipita na njaa yake huku. Daraja la Rufiji tumelipata 2003, kabla ya hapo mvua ikinyesha Dar unaisikia kwenye redio. Haya yote mwanafunzi hayaoni, anaona ngoma ya unyago usiku mmoja, anaandika tasnifu kwamba watu wa kusini hawaendelei kwasababu ya ngoma. Akamaliza akaomba maji.

Huyo mzee alilipa ada elfu 85 kama sisi! Aliyestahili kulipwa alikuwa anachangia chai. Nimewaambia waandaaji na nawaambia tena hapa, mpeni kipindi, mlipeni, na mtafuteni na bibi mmoja wa kutoka ndani huko anayejua unyago unafundisha nini hasa, aje azungumze mwenyewe badala ya kuzungumziwa. Kozi ya kupinga ubaguzi inayoleta wataalamu wote kutoka Dar na kuwaweka wenyeji viti vya nyuma, hata wao wenyewe nadhani wanaona.

Siku ya mwisho ilikuwa mpango kazi, picha, vyeti. Chai siku hiyo ilikuwa na ming'oko (mizizi ya porini ya kuchemsha), dada mmoja kaileta kwenye hotipoti, Daktari hakuwahi kula akala mpaka akaomba mbegu. Cheti karatasi nzuri ngumu, ila jina langu wamelikosea herufi wakasema watarekebisha, nasubiri hadi leo. Na fomu ya tathmini ya kozi tuliyopewa tujaze juu imeandikwa jina, jina la baba, na kwa wanawake jina la mume. Nikampelekea Daktari nikamwonesha kidole tu. Akaisoma, akavua miwani, akaisoma tena, akasema aah hawa ofisini hawa. Kwenye nafasi ya baba nikaandika jina la mjomba.

Wiki mbili baadaye nilipanda gari la Tandahimba. Sikumwambia mtu. Yule mtoto yuko kidato cha pili, hakuwepo, mjomba naye alikuwa shambani anapuliza mikorosho. Nilimkuta bibi peke yake barazani, nikamwamkia nikampa sukari kilo mbili, akanitazama sana, akaniuliza wewe si ndo yule binti wa makaratasi? Nikasema ndio bibi. Akasema safari hii umeyaacha wapi.

Basi mi nawapa nyota 4 kwa 5, tatu za Jumamosi ya tatu peke yake na moja ya mzee. Kwa mwanafunzi anayekaribia fildi ningesema uza hata simu uende, kwa aliyeko kazini miaka mingi nenda ila utaumia, kwa anayetaka cheti cha kupandia daraja sijui kama kinatambulika, waulize kabla hujalipa. Kaeni upande wa dirisha, bebeni maji, na daftari la kuandikia maana slaidi hamtazipata. Wanasema wataanza nyingine msimu wa korosho ukifunguliwa, ada hawajasema kama inabaki ileile, wapigieni wenyewe, na mwenye namba ya yule kijana wa slaidi amwambie kalamu yangu alinisahaulishia.